Zamu Yangu ya Kutaja Kosa

Ndugu zangu, naanza kwa kumwomba radhi mama mwenyekiti. Amenialika nipande jukwaani kama walionitangulia, nami nimemwomba aniache nisimame hapa chini, karibu nanyi. Sababu yake mtaielewa kabla sijakaa. Kwa sasa niseme tu kwamba mbao za jukwaa lile nazifahamu. Ule wa tatu kutoka kulia hulia ukikanyagwa, na huenda ni kisigino changu kilichoulegeza, zamani, kabla wengi wenu hamjaingia ukumbi huu.

Mnanijua kama mwalimu wa kutoka Kapsoya anayefika kila Jumamosi, akaketi kiti cha mwisho karibu na mlango, kisha akaondoka kabla chai haijamiminwa. Nimekuja hivyo kwa miaka mitatu. Nimewasikia mkieleza namna mlivyobaki peke yenu: mmoja kwa kifo, mwingine kwa talaka, mwingine kwa watoto waliokwenda mbali na kusahau njia ya kurudi. Kila mara niliondoka nikiwa na aibu ambayo hamkuijua. Mimi sikufiwa na mume, wala sikuachwa na mtu. Upweke wangu niliutengeneza kwa mkono wangu mwenyewe, mchana, mbele ya watu, katika ukumbi huu huu.

Kabla kanisa halijaununua, ukumbi huu ulikuwa wa kukodishwa. Kulifanyika harusi hapa, mikutano ya wakulima wa mahindi, na Jumamosi alasiri, muziki. Bendi iliyopiga Jumamosi ilikuwa yetu.

Tulikuwa watu sita. Majina sitayataja, nitawaita kwa vyombo vyao. Mpiga besi alikuwa mtu wa Turbo, mtoto wa mwenye lori. Gita na kinanda vilipigwa na ndugu wawili wa tumbo moja, ambao nyumbani walikuwa wakigombana na jukwaani hawakuwahi kukanyagana. Saksafoni ilikuwa ya mzee mmoja karani, aliyetoka magharibi akiwa kijana na kujifunza kupuliza katika bendi ya tarumbeta ya kanisa lao. Mpiga ngoma alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyehamia hapa kutoka upande wa Ziwa. Na mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni juzi juzi na cheti changu cha ualimu, nilikuwa mwimbaji. Kwa sababu ya cheti hicho waliniita Madam, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Tulipiga soul na funk, muziki wa Wamarekani weusi, nasi tukautia maneno yetu ya Kiswahili. Kwa wasioufahamu, soul ni sauti ya kanisani iliyotoka nje ya mlango, na funk ni miguu yake. Wakati huo mji ulikuwa wa rumba na benga. Mwenye ukumbi alitusikiliza siku ya kwanza, akamwuliza mpiga besi, "Sasa hapa mtu wa Eldoret atacheza wapi? Gita halikimbii!" Mpiga besi akamjibu, "Mzee, hapa mtu hakimbii. Hapa mtu anatembea akijua anaangaliwa." Baada ya mwezi mmoja watu walikuwa wanasimama mpaka nje, kule mnakoegesha baiskeli sasa.

Ndugu zangu, nataka niwaeleze desturi moja ya bendi ile, kwa maana ushuhuda wangu wote umesimama juu yake. Mzee wa saksafoni aliileta kutoka kwa walimu wake wa tarumbeta. Kila tulipomaliza kupiga, kabla chombo hakijarudi kwenye mfuko wake, tuliketi duara juu ya masanduku ya spika, nyuma ya pazia lile. Mpiga ngoma alitoa kijiti kimoja kati ya viwili alivyopigia. Aliyeshika kijiti alitaja kosa moja alilofanya siku hiyo. Kosa lake mwenyewe, si la jirani. Kutaja kosa la mwenzako kulikatazwa kabisa, hata kwa jicho. Waliosikia waliruhusiwa kucheka, lakini hawakuruhusiwa kujibu, kukosoa wala kufariji. Ukishataja, unampa anayefuata kijiti, na kosa lako limekwisha. Halikumbukwi kesho.

Mpiga gita alisema siku moja, "Mimi nilimwangalia bibi harusi mpaka nikapotea. Niliruka mistari minne. Bwana harusi ndiye alinirudisha, alikuwa ananiangalia pia." Mpiga besi akasema, "Mimi nilivaa kiatu kipya kikaniuma, nikaharakisha wimbo wa mwisho nikakivue. Kama mlisikia besi inakimbia, hiyo ilikuwa kidole cha mguu." Tulicheka mpaka mwenye ukumbi akachungulia kuona kama tumelewa. Mimi nilitaja makosa yangu kama wengine: nilisahau ubeti, nilichelewa, nilipandisha sauti kwa kujionyesha. Sijawahi kukaa mahali pengine duniani nikajulikana kwa kasoro zangu na nikapendwa vilevile.

Basi ikafika Jumamosi ninayoisimulia. Tulipata habari kwamba mtu wa Nairobi, mtengenezaji wa kaseti, atakuja kutusikiliza. Akitupenda, angetupeleka studio. Tulifanya mazoezi wiki nzima. Mzee wa saksafoni alipiga pasi shati lake mara mbili. Mpiga ngoma hakusema mengi; alikuwa mtu wa kusema kwa mikono. Lakini Ijumaa, tulipokuwa tukifunga, aliniambia, "Madam, nikiingia kwa kaseti moja tu, moja, baba yangu ataacha kuniuliza nitapata kazi lini." Alikuwa na kazi. Alikuwa karani wa duka la vipuri hapa mjini. Ila nilielewa alichomaanisha.

Katika wimbo wetu mkubwa kulikuwa na mahali tulipopaita shimoni. Katikati ya wimbo, vyombo vyote vilinyamaza ghafla. Kila mmoja alihesabu moyoni mipigo minane ya kimya, na baada ya wa nane sote tukarudi kwa pamoja: ngoma, besi, saksafoni na sauti yangu juu. Watu walikuja kwa ajili ya kimya hicho. Walikuwa wanaacha kupumua. Wenzangu walikihesabu kama mtu anavyotembea nyumbani kwake bila taa. Mimi, nawaambia ukweli ambao sikuwahi kuwaambia, sikuwa na uhakika hata mara moja. Nilikuwa nikitazama bega la mpiga ngoma. Likiinuka, naingia.

Siku ile nilimtazama mgeni. Alikuwa ameketi pale, safu ya pili, mguu mmoja juu ya mwingine, na alikuwa akinitabasamia. Nikahesabu sita, nikaingia.

Mpiga ngoma alikuwa na nusu ya nusu ya sekunde ya kuamua. Angebaki kwenye hesabu yake, ukumbi mzima ungeniona mimi nikiimba peke yangu mahali pasipo muziki. Badala yake aliruka akanifuata. Ngoma ikalia pamoja na sauti yangu, na wengine wanne, waliohesabu sawasawa, wakaanguka mipigo miwili nyuma yetu. Wimbo ukayumba kama meza yenye mguu mfupi. Kisha mikono yake ikafanya kitu ambacho mpaka leo siwezi kukieleza, akatuzungusha sote, akaturudisha njiani. Lakini kila mwenye masikio alikuwa amesikia.

Na masikio ya watu huamini kwamba ngoma ndiyo huongoza na mwimbaji ndiye hufuata. Mgeni alikuja nyuma ya pazia, akatushika mikono, akasema, "Mwimbaji mko naye. Saksafoni, Mzee, sina neno. Lakini ngoma itawaangusha. Kwa studio siwezi kumchukua." Akasema hivyo mpiga ngoma akiwa amesimama pale, kitambaa shingoni. Kisha akatoka kutungoja nje.

Tuliketi duara. Mpiga ngoma alitoa kijiti, akampa Mzee. Mzee akasema pumzi ilimwishia kwenye wimbo wa pili. Ndugu wawili wakataja yao. Mpiga besi akasema alikuwa akifikiria Nairobi badala ya nyuzi. Hakuna aliyecheka. Kijiti kikanifikia.

Ndugu zangu, hebu fikirini. Sheria ilisema hakuna mwingine awezaye kulitaja kosa langu. Kulikuwa na mdomo mmoja tu duniani uliopewa ruhusa ya kumtetea mtu yule, na ulikuwa wangu. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye bendi, na mwenye masomo kuliko wote. Tangu mwanzo nilikuwa na hofu moja: kwamba siku moja watasema Madam ana sauti lakini hajui kuhesabu. Na yule mgeni wa nje alikuwa ametoka kunisifu. Nikakishika kijiti. Kilikuwa bado na jasho la mkono wake. Nikasema, "Mimi leo nilisahau kuwashukuru watu mwishoni."

Ilikuwa kweli. Nilisahau. Uongo wangu niliufunika kwa ukweli mdogo.

Nikampa mpiga ngoma kijiti chake. Alikipokea, akasema, "Mimi nilirudi mapema shimoni. Ni mimi niliharakisha." Akasimama, akaanza kulegeza parafujo za ngoma.

Wiki iliyofuata tulikutana kuamua. Hakungoja tuseme. Alitwambia, "Nyinyi nendeni. Mlango ukifunguka hauwezi kungoja mtu mmoja." Wenzangu wanne wakanitazama, mmoja mmoja, kisha wakatazama chini. Mimi nilitazama dirisha. Alituaga kwa mkono, wa mwisho akiwa mimi, na kiganja chake kilikuwa kikavu na baridi.

Tulikwenda Nairobi. Tukapewa mpiga ngoma mwingine, kijana safi, hodari, asiye na neno na mtu. Tulipofika shimoni, studioni, niliingia mapema. Tukarudia. Nikachelewa. Tukarudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema, mpaka yule mgeni akatutazama kupitia kioo na kuelewa, nikaona anaelewa, na hakusema kitu. Mpiga ngoma mpya akapata dawa. Baada ya mpigo wa saba aligusa ukingo wa ngoma kwa kijiti, kidogo tu: *tak*. Nikisikia tak, najua umebaki mmoja. Ndivyo wimbo ulivyorekodiwa, na mpiga ngoma wetu wa kwanza akabaki nje ya mlango, ingawa sasa kila mtu alikuwa ameshajua.

Wenye umri wangu mnaukumbuka wimbo huo. Mnaukumbuka na tak yake. Watu waliipenda! Kwenye harusi walinyamaza wote, wakaigonga kwa chupa za soda au kwa vidole mezani, kisha wakapiga kelele. Walidhani ni nakshi. Ni sisi tu tuliojua kwamba ilikuwa fimbo ya kipofu.

Tulifika Kisumu, Nakuru, Mombasa. Tulipiga kwenye hoteli zenye mazulia. Jumamosi ya kwanza baada ya kaseti kutoka, Mzee alikaa juu ya sanduku la spika kama kawaida na kumwomba mpiga ngoma mpya kijiti. Kijana akashangaa. "Hii ni bendi ama ni kitubio?" Tukaketi hivyo hivyo. Lakini makosa tuliyoyataja yalikuwa yamekonda: nilichelewa kuvaa, nilikunywa maji kabla ya wimbo. Mtu hawezi kutoa kitu kikubwa mahali ambapo kikubwa zaidi kimefichwa. Baada ya majuma machache hatukuketi tena. Kila mmoja alikunja waya wake akaondoka.

Mpiga besi alikuwa wa kwanza kuacha. Alisema baba yake anamhitaji kwenye lori. Ndugu wawili wakafuata, kila mmoja kwa sababu yake. Mzee alibaki mpaka mapafu yakamkataza. Hakuna aliyenigombeza. Nawaambia, hilo ndilo lililonimaliza. Walinisalimia kwa heshima zote. "Habari ya kazi, Madam?" "Shule zimefunguliwa, Madam?" Walikuwa wamefunzwa kutotaja kosa la mwenzao, nao wakaishika sheria kwa uaminifu kuliko mimi. Nikawa kama mtu aliyeambiwa aingie, akaingia, akakuta viti vyote vimegeuziwa ukuta.

Niliacha kuimba. Si kwa tangazo. Nilikataa mwaliko mmoja, kisha wa pili, kisha mialiko haikuja tena. Nilirudi darasani, nikafundisha sarufi na fasihi, na nimefundisha vizuri. Palitokea mwanamume mwema aliyetaka kunioa. Alipenda kuniuliza habari za bendi. Siku moja aliuweka wimbo wetu kwenye redio ya gari lake, akagonga usukani mahali pa tak, akanitazama akitabasamu. Nilimwambia anishushe. Hakuelewa, na sikumweleza, na hakurudi. Kwa miaka mingi nilikula chakula cha jioni nikiwa nimesimama jikoni, sufuria mkononi, kwa sababu nikiketi mezani ningeona kiti kilicho upande wa pili. Redio sikuwa nayo. Nilikuwa nikiingia dukani nikisikia wimbo wowote wa zamani, natoka bila kununua nilichofuata.

Ndivyo ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nataka mjue kwamba mtu anaweza kuishi hivyo. Anaweza kulipa kodi ya nyumba, kusahihisha madaftari, kwenda mazishini na kuambiwa kwamba anapendeza.

Mwaka jana, Mzee wa saksafoni akalazwa. Binti yake alinipigia simu akasema baba yake ananitaka. Nilimkuta asubuhi, jua likiwa kitandani kwake, amekuwa mwembamba kama mfuko wa saksafoni usio na kitu ndani. Nilijua ameniitia nini. Moyoni nilimsihi: Mzee, vunja ile sheria, nitajie, nitukane, tumalize.

Aliinua mkono akatafuta kitu juu ya meza ndogo. Akapata kijiko cha uji. Akakishika jinsi tulivyokuwa tukishika kile kijiti, na nikaanza kulia kabla hajasema lolote.

"Msichana wangu," akasema, "kosa lako siwezi kulitaja. Unajua siwezi. Mimi nataja langu. Siku ile nilisimama karibu na wewe. Niliona pumzi yako ikiingia kabla ya kijiti chake. Nikajua. Na nikaenda Nairobi. Nilitaka sana kuingia kwa kaseti. Hilo ndilo kosa langu, nimelala nalo." Kisha akaninyooshea kijiko.

Ndugu zangu, sikukipokea. Niwe mkweli mbele yenu: hata hapo mikono yangu ilikataa. Nilisema, "Mzee, pumzika." Akakirudisha kijiko mezani polepole, akafumba macho. Tulimzika baada ya siku kumi. Kaburini ndugu wawili walikuja, mpiga besi akaja, tukasimama wanne na nafasi mbili katikati yetu. Udongo ulipokuwa ukiingia, nilielewa kwamba sasa tumebaki watano, na tukiendelea hivi nitabaki mmoja, na siku hiyo hakutakuwa na wa kunipa kijiti wala wa kunipokea.

Nilimfuata mpiga besi kwenye geti. Nilimwuliza, "Yule yuko wapi?"

Hakuniuliza yupi. "Timboroa," akasema. "Ana ghala la viazi, ukipita soko, upande wa msitu. Miaka yote tunapita kumwona. Kila mwaka tulikuwa tunangoja utuulize, Madam."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Nilimkuta amechutama mlangoni mwa ghala pamoja na kina mama wawili, wakichagua viazi vya mbegu. Nywele zilikuwa nyeupe, mabega yalikuwa yale yale. Aliinua uso akanitazama juu mpaka chini.

"Madam," akasema. "Umevaa nguo nyepesi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Alinipa koti lake na chai kwenye kikombe cha plastiki, tukakaa juu ya magunia. Sikutaka chai iniwahi. Nikasema, "Nimekuja kutaja kosa langu. La kule shimoni. Nilihesabu sita."

Aligeuka akanitazama. Kisha akasema, "Sita?"

"Sita."

"Mimi nilifikiri saba." Akawageukia wale kina mama kana kwamba wanaijua habari yote. "Miaka hii yote namhesabia saba! Sita, Madam? Lakini na wewe!" Akacheka, nami nikacheka, na kicheko kikatuishia wote wawili wakati mmoja, akabaki akitazama kiazi alichoshika.

Nilimwuliza kwa nini alisema kosa ni lake.

"Nilikuona unatetemeka," akasema. "Nikadhani nikilibeba leo utakuja kulichukua kesho. Nikangoja Jumapili. Nikangoja Jumatatu. Mwaka ukaisha. Halafu siku moja niko kwa kinyozi hapa juu, wimbo ukalia. Nikasikia ile tak. Nikamwambia kinyozi, ongeza sauti. Nikajua, hawa wote wanajua. Wanajua, na wanapiga." Akakitia kiazi kwenye debe. "Wewe hukuniumiza sana. Ile tak ndiyo iliniumiza. Sikupiga ngoma tena."

Nikamwambia, "Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Nikusamehe hapa, kwa magunia, na nani anasikia? Viazi?" Hakuwa akitania. "Baba yangu alikuwa ukumbini siku ile, Madam. Safu ya nyuma. Alikufa akijua mtoto wake hawezi kuhesabu. Ulinyamaza mbele ya watu. Nenda ukaseme mbele ya watu. Pale pale."

"Utakuja?"

"Siji. Nikiwa pale utakuwa unaniambia mimi, na mimi nimeshasikia."

Aliingia ndani ya ghala, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kipande cha gunia. Vilikuwa vile vijiti viwili. Nilivitambua kwa alama ya meno. Alikuwa akiviuma akifikiri. Akanipa kimoja, akabaki na kingine. "Ukishasema, nirudishie. Usitume mtu."

Ndio hiki mlichokiona mkononi mwangu, mkadhani labda ni kijiti cha mwalimu cha kuonyeshea ubaoni.

Kabla sijamaliza, nina watu wa kushukuru. Namshukuru Mzee, aliyenionyesha namna ya kutaja kosa bila kumgusa mwenzake, na namwomba radhi kwa kijiko nilichokikataa. Namshukuru mtu wa Turbo, aliyengoja niulize. Namshukuru jirani yangu wa Kapsoya, ambaye jioni niliyotoka Timboroa alinikuta mlangoni na koti la mwanamume mabegani, hakuuliza kitu, akanikalisha mezani na kula nami. Nanyi nawashukuru kwa miaka mitatu ya kuniwekea kiti cha mwisho bila kunilazimisha nisogee mbele.

Kama nina funzo la kuwaachia ni hili. Huenda kuna mmoja hapa ambaye watu wake ni wema kwake, wanamsalimia vizuri, na bado anahisi baridi katikati yao. Sisemi ni kila mtu. Wengi wenu upweke wenu haukutokana na kosa lolote. Nasema na huyo mmoja. Jiulize kama wanangoja neno ambalo wewe peke yako ndiwe unayeweza kulisema. Liseme likiwa dogo. Langu lilikuwa la mipigo miwili. Kama ningelitaja nyuma ya pazia lile, wenzangu wangecheka, na kesho yake lisingekumbukwa.

Sasa naomba mniruhusu nipande. Mama mwenyekiti, asante, nishike mkono. Mmeusikia ubao ukilia? Ndio huo.

Nilisimama hapa. Ngoma zilikuwa pale nyuma, na baba yake alikuwa ameketi safu ile ya mwisho, karibu na mlango, ninapoketi mimi siku hizi. Msinipigie makofi, msinifariji, na msinijibu. Hiyo ndiyo desturi. Kijiti ninacho.

Mimi, Jumamosi ile, katika ukumbi huu, nilirudi mapema shimoni. Nilihesabu sita badala ya nane. Mpiga ngoma hakukosea. Alihesabu sawasawa, akaiacha hesabu yake ili nisianguke peke yangu.

Zamu yangu imekwisha. Leo nitakaa kwa chai. Na Jumatatu nitapanda Timboroa kumrudishia kijiti chake, na safari hii nitavaa nguo nzito.